Kelele za Usiku Huidhinishwa Mchana

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi, waheshimiwa wawakilishi wadi, maafisa wa mipango ya jiji, wanakamati wa leseni za vileo katika kaunti ndogo zote, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA.

Waheshimiwa,

Nianze na ombi lenyewe, maana najua barua zinazofika mezani mwenu ni nyingi. Kabla ya klabu, baa, ukumbi wa sherehe au nyumba ya ibada yenye spika kupewa leseni au kibali katika jiji hili, sauti yake ipimwe. Ipimwe usiku, na ipimwe dirishani kwa jirani. Isipotimiza kiwango, isifunguliwe. Hayo mengine ya misako ya usiku, spika kubebwa kwenye lori la kanjo, yaani askari wa kaunti, na madijei kulazwa seli, tumeyaona kwa miaka na hayajatupatia usingizi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni mpangaji Roysambu, si mbali na Barabara ya Thika. Naandika kwa jina langu tu, lakini wakazi wa Zimmerman, Kasarani, Umoja, Kilimani na South B wakisoma watajua nasema nini.

Mtu anayeishi mbali na klabu hudhani tunaulalamikia muziki. Muziki wenyewe hatuusikii. Maneno ya wimbo, gitaa, sauti ya mwimbaji, vyote hubaki kule kule. Kinachovuka barabara ni besi. Umelala, na mdundo unapanda kupitia godoro. Kioo cha dirisha kinatetemeka ndani ya fremu yake. Jikoni vifuniko vya sufuria vinagongana polepole kwenye rafu, bila kukoma, hadi uamke uvitenganishe kwa kitambaa. Ukiziba masikio kwa pamba, pamba haifui dafu, kwa sababu mdundo huo huupokei kwa masikio peke yake, unaupokea kifuani. Jirani yangu wa mlango wa pili ana mtoto mchanga. Humbembeleza akasinzia, wimbo ukabadilika akashtuka, mama akaanza upya. Ni hivyo mpaka saa kumi alfajiri, Alhamisi hadi Jumapili, na siku hizi hata katikati ya wiki.

Nimelikalia suala la besi kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalowaponyoka wapimaji. Kelele kwa kawaida husomwa kwa desibeli, kizio cha ukubwa wa sauti, kwa mizani A. Mizani hiyo imetengenezwa kufuata usikivu wa sikio la binadamu, na kwa hiyo huipunguzia uzito sauti nzito ya chini. Afisa anaweza kusimama barabarani na kipimo chake akasoma tarakimu ya kuvumilika, ilhali chumba cha gorofa ya tatu kinatikisika. Ipo pia mizani C, ambayo huihesabu besi karibu yote, na vipimo vingi vya kitaalamu vina mizani zote mbili. Ni kubonyeza kitufe. Sheria ya kaunti ikilazimisha zote mbili zisomwe, tena ndani ya chumba cha kulala madirisha yakiwa yamefungwa, malalamiko mengi yanayoonekana leo kama ya watu wasiopenda raha yatathibitika kwa tarakimu.

Sheria hatukukosa. Tuna kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotolewa mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Kwa mujibu wa kanuni hizo, usiku huanza saa 2.01 na kwisha saa 12.00 asubuhi, na kwa muda wote huo kiwango cha juu kabisa katika eneo la makazi ni desibeli 35. Hata mtaa mchanganyiko, wenye nyumba, maduka na kumbi za starehe pamoja, usiku ni 35 ile ile. Mchana unaruhusiwa 50 nje ya nyumba za makazi, 55 kwenye mtaa mchanganyiko, na 60 kwenye eneo la biashara. Watu wawili wanaozungumza kawaida, wamekaa karibu karibu, hufikia takriban 60. Kwa hiyo aliyeandika 35 alikusudia watu walale.

Juu ya kanuni hizo kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamfungulia mlango wa mahakama anayeona haki hiyo inavunjwa, wala hakimlazimishi kuonyesha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia. Na Jedwali la Nne linataja wazi kazi za kaunti: kudhibiti uchafuzi wa kelele ni kazi yenu, kutoa leseni za vileo ni kazi yenu, kupanga matumizi ya ardhi ni kazi yenu. Mambo hayo matatu yakiwa chini ya paa moja, sioni sababu ya idara ya leseni kuidhinisha mahali ambapo idara ya mazingira itakuja kupafunga miezi sita baadaye.

Kwa mkazi, hata hivyo, paa hilo moja halionekani. Nilipolalamika, ofisi ya kwanza ilinielekeza ya pili, ya pili ikanielekeza ya tatu, na ya tatu ikaniambia nilete barua saa za kazi. Saa za kazi hakuna kelele ya kupima. Anayefika kuikagua klabu saa tano asubuhi atakuta kijana anapiga deki na viti vimepinduliwa juu ya meza, na ataandika ripoti ya kweli kabisa kwamba pametulia.

Nataka mtazame jinsi mahali kama hapo panavyozaliwa. Jengo lililo jirani nasi lilijengwa kama gorofa za kupangisha, chini maduka. Baadaye juu ya paa pakaezekwa makuti, vikaja viti, likaja friji, mwisho zikaja spika. Kuta hakuna. Kibao cha kutangaza kubadilishwa kwa matumizi ya ploti kiliwekwa, siwezi kusema hakikuwekwa. Kilikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, kimeegemezwa kwenye ua nyuma ya rundo la kokoto, mahali ambapo anayepita na mzigo wake kutoka stejini hawezi kukiona. Huko ndiko kelele zetu zilikoidhinishwa, mchana kweupe, kwa karatasi na mihuri. Polisi anayepigiwa simu saa nane za usiku anaitwa kuja kutengua uamuzi ambao si wake.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Chukueni spika inayotoa desibeli 100 ukiwa umesimama mita 1 mbele yake, kiwango cha kawaida tu kwa klabu. Katika uwanja wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa kama desibeli 6. Mita 2 ni 94, mita 4 ni 88, mita 8 ni 82. Ukifika mita 64, upana wa ploti kadhaa za Roysambu, bado uko kwenye 64. Ili ushuke hadi 35 kwa umbali peke yake utahitaji takriban kilomita 1.8 za uwanda mtupu. Miti, upepo na majengo ya katikati yatasaidia kiasi, ndiyo, lakini Nairobi ilihesabiwa kuwa na watu 4,397,073 katika sensa ya 2019, kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 700. Nafasi ya aina hiyo hatuna. Umbali hautatuokoa. Kilichobaki ni kuta, na mahali pa kujenga.

Ukuta wa mawe uliopigwa plasta pande zote mbili unaweza kuzuia zaidi ya desibeli 40. Paa la makuti, turubai na mabati matupu havizuii kitu cha kutajika, hasa besi. Klabu yenye kuta nzito, dari nzito, milango miwili inayofuatana ili mmoja ufunguke mwingine ukiwa umefungwa, na spika zilizotenganishwa na zege la jengo, inaweza kupiga muziki wake mpaka alfajiri na mtoto akalala mtaa huo huo. Ni gharama, sikatai. Lakini leo gharama hiyo ipo na inalipwa, ila anayeilipa ni mama wa mtoto mchanga.

Nasema haya bila chuki na wanaofanya kazi usiku. Wazazi wa baadhi ya wanafunzi wangu ni wahudumu wa baa, mabaunsa, wapishi wa nyama choma, waendeshaji boda wanaosubiri wateja wa saa tisa za usiku. Klabu ikifungwa ghafla, karo ya mtoto inakwama. Ndiyo maana sikushangilia sana Novemba 2022 ilipotangazwa kwamba leseni za klabu za usiku zilizo kwenye makazi zimefutwa. Nia ilikuwa njema na nilishukuru kusikia kiongozi akilitaja jambo hili hadharani. Lakini tangazo haliwezi kusimama mahali pa sheria yenye vipimo, notisi, muda wa kurekebisha na haki ya kukata rufaa. Kigali wao walibana saa: tangu Septemba 2023 kumbi za starehe hufungwa saa saba usiku siku za wiki na saa nane wikendi. Kubana saa kunasaidia, ila kunampunguzia mhudumu mapato, na mdundo wa saa sita usiku unabaki vile vile. Kuta humlinda anayelala bila kumfukuza anayefanya kazi.

Kuna kanuni moja ya mipango ya miji ambayo ningependa bunge la kaunti liifanye sheria. Jimbo la Victoria kule Australia liliingiza kanuni hiyo mwaka 2014, na Uingereza ikaiweka katika sera yake ya kitaifa ya mipango mwaka 2018. Inasema anayeleta mabadiliko ndiye anayegharamia kinga. Klabu ikiwafuata watu walipokuwa wakiishi tangu awali, klabu ijenge kuta. Lakini mwekezaji akija kujenga gorofa za makazi ubavuni mwa ukumbi uliokuwepo miaka ishirini, basi yeye ndiye aweke madirisha ya vioo viwili na kuta nene, wala asiwaahidi wapangaji utulivu kisha akawatuma kulalamika. Naona ni haki kwa pande zote mbili. Hata mwenye klabu angelala akijua leseni yake haitategemea hasira za afisa mpya.

Sasa kuhusu nyumba za ibada. Mimi ni Mkristo, naimba kwaya, na nitalisema kwa heshima yote. Kanisa la mabati lenye spika nne zilizoelekezwa barabarani haliwaimbii walio ndani. Kesha la Ijumaa lina haki yake, lakini mgonjwa wa pressure aliye upande wa pili wa ua naye ana haki yake, na Mungu tunayemlilia anasikia hata tukizima amplifaya. Kanuni za 2009 zimeyapa maeneo ya ibada kiwango cha mchana cha chini kuliko hata nyumba zetu, desibeli 40, na usiku 35 ile ile. Wanasiasa wengi huogopa kuligusa hili. Naomba msiogope. Anzeni na jambo dogo lisilomnyima mtu ibada: spika zielekee ndani, na zisizidi mahitaji ya ukumbi.

Matatu na megafoni za wachuuzi nitazipita haraka, si kwa kuwa hazisumbui, bali kwa kuwa dawa yake inajulikana: honi za kishindo zikatazwe kwenye ukaguzi wa magari, na megafoni ya kurudia tangazo moja kutwa nzima izimwe. Ujenzi vilevile. Kanuni zinasema mchana wa mjengo huishia saa 12.00 jioni, na baada ya hapo karibu na makazi ni desibeli 35. Anayemwaga zege saa sita usiku kwa mashine na malori yanayorudi kinyumenyume huku yakipiga king'ora anajua anachofanya. Aliyempa kibali anajua pia.

Nirudi kwenye kazi yangu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule ya watoto. Ni busara, lakini mtoto hukaa shuleni mchana, na baa huamka usiku anapokuwa amerudi nyumbani. Tumemlinda kwenye dawati, hatujamlinda kitandani. Jumatatu nina wanafunzi wa Gredi ya 5 ambao vichwa vyao vinaangukia dawatini kabla ya kipindi cha pili. Nikiwauliza kwa upole, jibu ni lile lile: "Mwalimu, kwetu hakulaliki." Siwaadhibu. Nitamwadhibu mtoto kwa kosa la nani?

Na hata mchana wenyewe hatujaumaliza. Mwaka 1975 mtafiti Arline Bronzaft alichapisha utafiti kuhusu shule moja ya umma huko Manhattan, New York, iliyopakana na reli ya juu. Watoto waliosomea madarasa ya upande wa reli walikuwa nyuma kwa kusoma kuliko wenzao wa upande wa utulivu, na walipofika darasa la sita pengo lilikaribia mwaka mzima wa masomo. Jiji likafanya mambo mawili: likaweka mpira chini ya reli na kuzipa dari za madarasa vifaa vya kunyonya sauti. Bronzaft aliporudi kupima, pengo lilikuwa limetoweka. Shule ile ile, reli ile ile. Nikifundisha huku lori likipanda gia barabarani, hunyamaza nikasubiri lipite, na watoto wangu wamezoea kusubiri nami. Shule zilizo kando ya Barabara ya Thika, Jogoo na Outering zingefaidika na dari za namna hiyo kuliko na lango jipya lenye jina la mfadhili.

Shirika la Afya Duniani halichukulii haya kama usumbufu mdogo. Miongozo yake ya mwaka 2009 kwa Ulaya ilipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40, na inahusisha kelele za muda mrefu na usingizi uliokatika, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Katika mitaa ambayo mtu huamka saa kumi na moja kuwahi matatu ya kwanza, usingizi uliokatika saa tisa haurudi tena.

Hapa ndipo naiomba idara ya mipango inisikilize zaidi. Mpango Mkuu wa Maendeleo ya Jiji la Nairobi tunaoutumia sasa, NIUPLAN, uliandaliwa kwa muda wa 2014 hadi 2030. Muda wake unakwisha, na anayeandika unaofuata ataamua watoto wa Nairobi watalala vipi kwa miaka mingi mbele. Tangu 2002 Umoja wa Ulaya una agizo linalotaka miji yake mikubwa, ile inayozidi watu 100,000, ichore ramani za kelele na kuzihuisha kila baada ya miaka mitano: barabara hii ina kiwango gani usiku, shule ipi imezingirwa, mtaa upi bado una utulivu wa kulindwa. Sisi tunakaribia mara 44 ya idadi hiyo. Ramani yetu ianze kuchorwa sasa, wadi kwa wadi, hata kama itaanza na wadi chache zenye klabu nyingi, na iwe mezani kabla ya mstari wa kwanza wa mpango mpya kuandikwa. Wanafunzi wa vyuo vyetu wanaosomea mipango ya miji na uhandisi wangeifanya kazi hiyo kwa moyo.

Ramani ikishakuwepo, tengeni maeneo ya starehe kwa jina na mipaka, ambako kaunti itajua inaruhusu nini na mwenye pesa atajua awekeze wapi. Yawe kando ya maeneo ya biashara yanayolala usiku, yenye usafiri na taa za barabarani ili wahudumu wafike nyumbani salama. Waliopo kwenye makazi leo wapewe muda wa kutosha na wachague kati ya kujenga kuta na kuhamia huko.

Na wakati hayo yanasubiri, yapo yanayowezekana bila kusubiri sheria mpya. Kila kaunti ndogo iwe na zamu ya usiku ya maafisa wawili wenye kipimo kilichokaguliwa, na nambari moja ya simu inayopokewa saa nane za usiku. Matokeo ya kila kipimo yaandikwe na yaonekane na umma, pamoja na jina la mahali na nambari ya leseni, ili kamati inapokaa kuhuisha leseni isiseme haikujua. Vibao vya kubadilisha matumizi ya ploti viandikwe kwa Kiswahili pia, kwa herufi za kusomeka ukiwa ng'ambo ya barabara, na wapangaji wahesabiwe kuwa majirani. Mara nyingi anayeulizwa ni mwenye nyumba, ambaye pengine anaishi Karen au Ruiru, na mlio wa klabu haumfikii.

Vikao vya kuhuisha leseni hufanyika kila mwaka. Naomba kikao kijacho cha Roysambu kiitishwe jioni, baada ya watu kutoka kazini, na kitangazwe stejini, makanisani, misikitini na kwenye milango ya ploti. Nitafika, na nitakuja na majirani zangu na tarakimu tulizopima madirishani kwetu. Tunaomba nanyi mje na zenu.

Wenu katika kulijenga jiji,

Mwalimu na mpangaji, Roysambu, Nairobi